Wanklyn wa nyambizi ya Upholder, alikuwa mkali kweli au bahati tu?

Msaka_Historia
Wakuu salamu. Jana usingizi ulinikataa nikawa nasoma vita vya pili vya dunia upande wa Mediterania, nikakutana na huyu kamanda Muingereza, David Wanklyn. Kilichonichanganya ni kwamba kafika kisiwa cha Malta Januari 1941 na nyambizi yake Upholder, safari ya kwanza tu kaipiga meli ya Wajerumani, halafu baada ya hapo anakosa, anakosa, anakosa, topido (makombora ya chini ya maji) zinaishia baharini mpaka bosi wake Simpson anaanza kuwaza amtoe kwenye ukamanda. Mwezi wa tano huyohuyo anafanya kitu kinachompa Victoria Cross, medali ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Sasa mtu anageukaje hivyo? Au bahati tu ilimwamkia? Wajuzi nisaidieni.

Babu Dira
Bahati ipo mkuu ila haitoshi. Mwanzoni jamaa alikuwa anafyatulia mbali mno. Watu wanadhani topido ni kama risasi, sio, ile inaogelea, na meli nayo inatembea, kwa hiyo hulengi meli ilipo unalenga itakapokuwa, ukikadiria spidi yake vibaya kidogo tu imekula kwako, na kadiri unavyokuwa mbali ndio kosa linazidi kukua. Na Simpson msimlaumu. Malta ilikuwa inapigwa mabomu na ndege, kila topido imeletwa kwa shida, mtu anayezimwaga lazima umuangalie mara mbili.

Aprili ndio akaamka, akaanza kusogea. Akaizamisha Antonietta Lauro, kisha kuna meli ya Wajerumani inaitwa Arta ilikuwa imekwama kwenye kina kifupi karibu na visiwa vya Kerkennah kule Tunisia, hakuharibu topido hapo, vijana wake waliipanda wakaitia moto. Tarehe 1 Mei akaongeza Arcturus na Leverkusen. Mpaka hapo kelele za kumtoa zimekwisha.

KinaKirefu
Naongezea hiyo ya Victoria Cross maana wengi wanaitaja juujuu. 24 Mei 1941, jioni, jirani na Siracusa huko Sicily. Kifaa cha kusikilizia chini ya maji kimekufa, yaani hasikii chochote, anategemea jicho kwenye periskopu, lile bomba la kuchungulia juu ya maji, na jua lenyewe linazama. Topido zimebaki mbili. Unapita msafara wa meli kubwa za abiria zimejaa askari wanaopelekwa Libya, zimezungukwa na manowari za ulinzi, na kwa sababu hasikii hajui ni ipi inamjia, angeweza kupandwa na manowari akakatwa vipande. Akangoja mpaka akawa na uhakika akaachia zote mbili. Conte Rosso, tani 17,879, ikazama. Baada ya hapo wakammwagia mabomu 37 ndani ya dakika kama 20, na ye yuko chini kule na vijana wake hata hawasikii manowari ziko upande gani. Medali ilitangazwa Desemba.

mtu_wa_pwani
Sawa ila tusishangilie kama mpira. Conte Rosso ilikuwa na watu zaidi ya 2,700 na waliokufa wanakaribia 1,300. Wengi wao vijana wa Kitaliano waliopandishwa meli tu. Najua ilikuwa vita na wale wakifika Libya wangekwenda kuua Waingereza, nasema tu.

KinaKirefu
@mtu_wa_pwani nakuelewa kabisa. Ndio maana mi hesabu za tani peke yake hazinipi raha.

Babu Dira
Ila kwa mleta uzi anayeuliza bahati, jibu lako liko Septemba. Usiku wa kuamkia tarehe 18, nje ya Tripoli, nyambizi nne za Malta zimetegwa kusubiri msafara wa meli tatu kubwa. Dira kuu ya Upholder imeharibika, usukani hautulii, pua ya nyambizi inayumba kushoto kulia, na alikuwa juu ya maji, mbali, yaani kosa lilelile la mwanzo. Mtu mwingine angesema leo basi. Yeye akautumia ule myumbo, pua ikipita kwenye meli anaachia, ikirudi anaachia tena. Neptunia ikazama, Oceania ikaumia ikasimama. Kulipokucha akairudia Oceania akaimaliza, na hapo nyambizi mwenzie Unbeaten nayo ilikuwa inajipanga kuipiga, kawahiwa 😂 Meli mbili hizo kila moja tani 19,000 na ushee. Ya tatu, Vulcania, ikaponyoka. Uzuri ni kwamba safari hii askari wengi waliokolewa.

Njiti
Lakini Kretschmer, kamanda wa nyambizi wa Ujerumani, alizamisha meli za zaidi ya tani 200,000, Wanklyn wanampa kama 120,000. Sasa ukali uko wapi?

Babu Dira
Njiti unalinganisha bahari mbili tofauti. Kretschmer alikuwa Atlantiki, meli nyingi na ulinzi wa mwanzo wa vita ulikuwa dhaifu. Mediterania maji maangavu, ndege inaweza kukuona hata ukiwa umezama, na misafara mifupi yenye ulinzi wa kutosha. Halafu Upholder yenyewe ni kinyambizi, aina hiyo iliundwa kwanza kwa ajili ya mazoezi! Na humo kazamisha pia manowari Libeccio na nyambizi mbili za Italia, Saint-Bon na Tricheco.

Msaka_Historia
Aisee shukrani. Na mwisho wake? Nimesoma sehemu mbili zinapingana.

KinaKirefu
Safari ya 25, Aprili 1942, ndio ilikuwa iwe ya mwisho kabla ya kurudishwa Uingereza, ila hakurudi. Tarehe 11 alikutana baharini na Unbeaten akamhamishia afisa mmoja, huyo ndiye aliyepona. Tarehe 14 manowari ndogo ya Italia, Pegaso, ilimwaga mabomu kaskazini mashariki ya Tripoli, wengi wanasema ndiyo iliyomuua, wengine wanasema bomu la kutegwa. Alikuwa na miaka 30. Wakubwa wa jeshi la majini la Uingereza walinyamaza mpaka Agosti ndipo wakatangaza, na walitoa sifa ambazo kwa kawaida hawaitolei nyambizi moja peke yake.