MREJESHO: Maumivu ya mgongo ya mama na yule mshauri nasaha

Wakuu, niliuliza kama ni sawa daktari kumpeleka mama kwa mshauri nasaha ilhali anaumwa mgongo miaka na miaka. Mama mwenyewe alikuwa amewaka: "Kwa hiyo naigiza?"

Ameenda. Kwanza daktari alimtoa wasiwasi kwamba hakuna anayemwona mwongo. Chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu (IASP), tangu 1979 na tena 2020, kinayaeleza maumivu kuwa ni jambo la mwili na la hisia kwa pamoja. Hofu na hasira hukaza misuli na kuharibu usingizi, na asiyelala huumia zaidi. Amitriptilini aliyoandikiwa mama, iliyowashtua wengi hapa kwa kuwa ni dawa ya sonona, hutumika pia kwa dozi ndogo kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu.

Shughuli ilikuwa kutaja hisia. Akiulizwa anajisikiaje, mama anajibu "mgongo." Mshauri anambana taratibu: sawa, mgongo tumeusikia, wewe je? Mwishowe likatoka lililo moyoni: suala la mjomba na shamba la babu. Sasa ana daftari. Anaandika maumivu yalivyopanda na alichokuwa anakiwaza.

Mgongo bado unauma, nisiwadanganye. Ila analala, amerudi kwaya, na vidonge amepunguza kwa maelekezo ya daktari. Waliosema aombewe tu: maombi yanaendelea pia. Aliyeuliza bima: mshauri hakulipiwa, tulitoa mfukoni.