Kutembea na kula Mji wa Kale wa Mombasa: tuanzie wapi, na saa ngapi?

Mgeni wa Nyali:

Wanajamvi, hamjambo. Nimehamia Mombasa kikazi kutoka Kisumu na ninaishi Nyali, ambako chakula kinachonizunguka ni kile kile ambacho ningekipata katika mji wowote mkubwa wa Kenya, yaani kuku, chipsi na wali mweupe. Hivi karibuni shangazi yangu atanitembelea, na ombi lake ni moja tu: nimpeleke akale chakula cha Waswahili mahali ambapo Waswahili wenyewe wanakula. Nimefikiria Mji wa Kale, kwa kuwa vichochoro vyake vinatembeleka kwa miguu, lakini nilipopita huko mwenyewe ilikuwa saa 9 mchana, nikakuta milango mingi imefungwa na sikuona cha kununua ila maji ya chupa na biskuti.

Naomba mnieleze tuanzie wapi na tupite njia gani. Shangazi ana kisukari na hawezi kusimama kwa muda mrefu, ingawa akipata mahali pa kuketi kila baada ya mwendo mfupi atatembea bila kulalamika. Sitafuti hoteli yenye jina kubwa wala mtu wa kututembeza kwa malipo.

Mwana wa Kibokoni:

Dada, karibu Mombasa. Mahali ulipokwenda ndipo penyewe, ila saa haikuwa yake. Mji wa Kale hauna mtaa mmoja wa vyakula ambao ungeweza kuutafuta kwenye ramani ya simu. Kila chakula kina wakati wake, na mara nyingi anayekipika ni mama anayetoa meza na sufuria mlangoni pake kwa muda mfupi. Kikiisha huingiza meza ndani, na anayepita baadaye hawezi kujua kwamba hapo palikuwa na kitu. Saa 9 mchana chakula cha mchana kimekwisha na cha jioni bado hakijaingia mafutani.

Ningekuwa mimi, ningeigawa safari mara mbili, asubuhi na jioni, na mchana ningemrudisha shangazi nyumbani apumzike, kwa sababu jua la saa 7 katika vichochoro vile halina huruma. Asubuhi fikeni kabla ya saa 2, mkaanzie Marikiti, lile soko la tangu enzi za ukoloni lililo kando ya Barabara ya Digo. Humo mtaona nazi, ndimu, maembe na mirungi vikishushwa, na ukiingia upande wa Langoni utasikia harufu ya iliki, bizari na karafuu kabla hujaliona duka lenyewe. Baada ya hapo ulizeni mahamri na mbaazi. Msiulize walinzi wala madereva wa tuktuk. Muulizeni mtoto aliyetumwa na mamake akiwa na bakuli mkononi, kwa kuwa yeye anajua nyumba ambayo mbaazi zake hazijapata kulalamikiwa.

Mahamri mazuri huwa na uwazi ndani, hunukia iliki, na hayaachi dimbwi la mafuta kwenye karatasi. Mbaazi nazo zitazame kabla ya kulipa. Tui zito hutiwa mwishoni na hukorogwa polepole moto ukiwa mdogo; mpishi akiwa na haraka tui hukatika, na utaliona limejitenga vipande vipande juu ya maji. Meza ya namna hiyo ipiteni tu.

Jioni rudini baada ya sala ya alasiri, kuanzia kama saa 11, mkiingilia Ngome ya Yesu na kufuata Ndia Kuu hadi Kibokoni. Mwendo wenyewe ni mfupi, na mabaraza ya kuketi yapo njia nzima, ila ni adabu kumwamkia mwenye nyumba kabla ya kuketi. Hapo ndipo karai hutoka nje: viazi karai vilivyochovywa katika unga wa manjano, bhajia, kachiri, sambusa na mihogo ya kukaanga inayopasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu. Muhogo na pilipili asili yake ni Amerika, na Wareno, wale wale walioanza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, ndio walioleta mazao ya huko katika pwani yetu, kwa hiyo ukila muhogo chini ya kuta zake unakula historia zote mbili kwa pamoja. Kwa viazi karai ombeni chatini ya ukwaju na ya nazi, zote mbili. Anayewapa nyanya ya chupa hajui anachokiuza.

Mpishi wa Majengo:

Ninakubaliana na ndugu wa Kibokoni kuhusu saa, lakini sikubaliani naye kuhusu mchana. Mtu aliyesafiri kutoka Kisumu hadi Mombasa akarudi kwao bila kula samaki wa kupaka hakutendewa haki, na huo ni mlo wa mchana unaotaka meza, kiti na maji ya kunawa. Samaki huchomwa kwanza kwenye makaa, kisha hupakwa tui lililotiwa ukwaju, kitunguu saumu na pilipili, akarudishwa motoni mpaka tui limshike. Kabla ya kuagiza, uliza ni samaki gani na ameingia lini. Changu, tafi na kolekole wote wanafaa, lakini wakati wa upepo wa kusi bahari huchafuka na wavuvi wa mashua ndogo hutoka kwa nadra, hivyo samaki wa siku ile hupungua na bei hupanda. Wakati wa upepo wa kaskazi huna haja ya kuuliza mara mbili.

Kuhusu biriani, msishangae mkiletewa wali peke yake na rojo la nyama peke yake likiwa juu au pembeni. Hivyo ndivyo ipikwavyo pwani, na anayetaka vilivyochanganywa tangu jikoni basi aagize pilau. Agizeni mapema, maana sufuria ya biriani nzuri huisha kabla ya saa 8. Na kama jioni shangazi atakuwa amechoka na mabaraza, mpeleke Tarboush katika Barabara ya Makadara, mkae mle mishkaki iliyotoka kwenye makaa. Si ndani kabisa ya Mji wa Kale, lakini ni karibu, na wenyeji wanaojaa pale usiku hawakuja kupiga picha.

Mgeni wa Nyali:

Shukrani zangu kwenu nyote wawili. Sasa naona kwamba tatizo langu lilikuwa saa. Bado nina wasiwasi juu ya kisukari, kwa sababu mengi mliyoyataja ni unga na wanga, na shangazi ni mtu asiyeweza kukataa kitu akikaribishwa.

Bi Mkubwa wa Ndia Kuu:

Mwanangu, kiasi chake ataambiwa na daktari wake. Mimi nitakuambia tu sukari imejificha wapi, kwa maana nimepika vitu hivi maisha yangu yote. Mahamri yana sukari ndani ya unga hata kama hujaisikia ulimini, kwa hiyo ale moja kwa mbaazi nyingi, wala si kinyume chake. Vitumbua, kaimati na mkate wa sinia aviache. Halua ni sukari, wanga na samli iliyosongwa mpaka ikashikana, na hiyo haina kipande kidogo cha kuanzia. Juisi ya bungo na ya ukwaju hutiwa sukari mapema ndani ya ndoo, kwa hiyo kumwambia muuzaji asitie hakusaidii kitu. Hata dafu lina utamu wake.

Kilichobaki si kidogo. Ana samaki, ana mishkaki, ana supu ya pweza, na ana kahawa tungu, ambayo muuzaji huimimina kutoka kwenye dele la shaba lililokaa juu ya makaa. Hiyo hainyweki na sukari, na yeyote mtakayekuwa naye barazani hatamwona shangazi kuwa anajinyima. Wengine watakula tende au kashata pembeni. Yeye aseme tu kwamba anapenda uchungu wake.

Jambo la mwisho ni siku. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa sala, ila baada ya hapo pilau huwa tayari katika nyumba nyingi na hata kwenye mikahawa midogo. Mkija katika mwezi wa Ramadhani, msije kabisa asubuhi. Njooni saa moja kabla ya magharibi, wakati meza za futari zinapopangwa njiani, mnunue, mkachukue nafasi barazani, na msianze kula mpaka adhana imesikika.