Misemo ya Kiingereza ya chumvi, pilipili na haradali: tupeane uzoefu

Mwalimu wa Tanga
Habari zenu wadau. Nafundisha Kiingereza sekondari, na kila tukifika kwenye misemo naona ile ya viungo vya jikoni ndiyo inayowaamsha wanafunzi kuliko yote. Tulianza na "take it with a pinch of salt", yaani habari uipokee kwa tahadhari, usiimeze nzima nzima. Darasa likaguna, kwa sababu kwetu anayetia chumvi ndiye anayekuza mambo. Binti mmoja wa viti vya nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwetu chumvi anaweka msemaji, kwao anaweka msikilizaji." Sijasikia maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo.

Wengi huupeleka msemo huu kwa Pliny, Mrumi wa karne ya 1. Aliandika dawa ya kukinga sumu iliyokuwa ya mfalme Mithridates: jozi 2 kavu, tini 2 na majani 20 ya mmea mchungu, vyote vitwangwe pamoja na chembe ya chumvi.

Naomba tupeane uzoefu. Msemo gani wa namna hii umekutana nao kazini, safarini au kanisani, na ulitumikaje? Orodha zimejaa mtandaoni, hapa leteni visa.

Muuguzi ughaibuni
Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi Uingereza, wodi ya wagonjwa wenye vidonda sugu. Kuna mzee mmoja ana vidonda vya miguu, vile vinavyotokea mishipa inaposhindwa kurudisha damu juu. Siku ya kwanza namsafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali aliniambia, "You're rubbing salt in my wounds, my dear." Msemo huo hutumika mtu anapomzidishia uchungu aliyekwisha kuumia, sisi tungesema kumtonesha kidonda. Yeye aliugeuza utani maana kweli nilikuwa na chumvi mkononi.

Nikamweleza kwamba maji yale yana gramu 9 za chumvi kwa lita moja, karibu sawa na majimaji ya mwilini, ndiyo maana hayachomi. Chumvi ya kupaka kavu kavu ndiyo inayounguza. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema marehemu mkewe alikuwa akimwosha nyumbani kwa maji ya chumvi aliyoyachemsha jikoni mwenyewe. Sasa nikifika kitandani kwake ananyoosha mguu kabla sijafungua vifaa. Wauguzi wenzangu wanasema kwao anagoma.

Baharia mstaafu, Mombasa
Kwenye meli za mizigo nilizofanya kazi, mtu aliyezeekea baharini aliitwa "old salt". Niliposikia mara ya kwanza nilielewa bila kuuliza, maana na sisi mzee wa siku nyingi tunasema amekula chumvi nyingi. Tofauti ni kwamba wao wanamaanisha chumvi ya bahari. Ukikaa kijijini miaka tisini na hujapanda meli, kwao hustahili jina hilo. Bosi wetu wa sitaha alikuwa na umri mdogo kuliko mimi na bado wote walimwita hivyo, kwa sababu upepo ukibadilika alikuwa anajua kabla ya vyombo.

Mpishi, Dubai
Asalaam aleikum. Jikoni kwetu mpishi mkuu ni Mwingereza. Kila anapokuja mpishi mpya humpa kazi moja: supu ya mboga, viungo aweke mwenyewe. Kisha anasema, "Any cook worth his salt can season a soup." Maana yake mtu anayestahili ujira wake. Mimi nilipopewa supu ile niliionja mwanzo, nikaacha, nikaionja tena ilipopungua maji, nikatia chumvi mwishoni. Akaonja kwa kijiko chake, akarudia, akaniambia nianze zamu ya usiku. Aliniambia pia askari wa Roma walilipwa chumvi badala ya pesa, ndipo ukatoka msemo.

Msomaji wa historia
Ndugu mpishi, hongera kwa kupita supu. Kwenye hilo la askari tuwe waangalifu. Kilicho na uhakika ni kwamba neno la Kiingereza la mshahara, "salary", limetoka kwenye Kilatini salarium, na ndani yake kuna sal, chumvi. Pliny yuleyule wa mwalimu anaugusa uhusiano huo. Lakini hasemi kwamba askari alipanga foleni akapimiwa chumvi kwenye mfuko. Picha hiyo imeongezwa na watu wa baadaye, na inarudiwa sana kwa sababu inapendeza.

Mtembeza wageni, Zanzibar
Mimi nawatembeza wageni mashamba ya viungo kule Kizimbani. Ukishawaonjesha mdalasini kutoka kwenye gome, ukawapasulia kungumanga waone lile basbasi jekundu lililoikumbatia, lazima mmoja aseme, "Variety is the spice of life", yaani mambo ya namna mbalimbali ndiyo kiungo cha maisha. Mstari huo ni wa mshairi William Cowper, wa mwaka 1785. Nilianza kuwauliza wageni: mbona lugha yenu ina misemo mingi ya chumvi na haradali, lakini karafuu na iliki siioni?

Mama mmoja mtu mzima, mkulima kutoka magharibi ya Uingereza, ndiye aliyenipa jibu lililonikaa. Alisema chumvi walichimba kwao Cheshire, haradali walipanda wenyewe, na mji wa Tewkesbury ulisifika kwayo hata Shakespeare akamfanya Falstaff, mhusika wa tamthilia yake, aseme akili ya mtu fulani ni nzito kama haradali ya Tewkesbury. Karafuu ilikuja na meli, ikakaa kwenye kabati la tajiri, na maskini ndiye mtunga misemo. Nikamshikisha karafuu mbichi mkononi, bado ina rangi ya kijani na waridi, akainusa muda mrefu. Mimi nadhani mama yule ana hoja. Na sisi tazameni: karafuu ilipandwa Unguja karne ya 19, lakini methali zetu zinazotumika kila siku ni za pilipili. "Pilipili usizozila zakuwashiani?" Hiyo hata mtoto anaijua.

Mkaazi wa Lamu
Nyongeza fupi. Kuna "below the salt", yaani mtu wa hadhi ya chini. Zamani kwenye karamu za mabwana wa Kiingereza chombo cha chumvi kiliwekwa katikati ya meza ndefu, wa heshima wakakaa upande wa juu, wengine chini yake. Kwetu sinia ni la duara, kachumbari na ndimu katikati, na kila mkono unafika.

Dada wa Nairobi
Kwa ofisi, meneja aliandika kwenye tathmini ya mwenzangu kwamba ripoti yake "didn't cut the mustard". Msemo wa Kimarekani wa haradali (mustard), yaani haikufikia kiwango. Mwenzangu alikaa na barua hiyo wikendi mzima akidhani ameshtakiwa jambo. Jumatatu nilimwambia aende aulize ni kiwango gani hakijafikiwa, kipengele kwa kipengele. Alienda. Ilikuwa jedwali moja tu halina tarehe. Wakubwa wa ofisi, tafadhali, tathmini ya mtu iandikwe kwa lugha ya wazi. Misemo iwekeni kwa hotuba.

Mkalimani, Goma
Mie natafsiri kanisani wageni wakija. Kwenye mazishi ya mama mmoja mganga wa watoto, rafiki yake Mwamerika alisimama akasema, "She was the salt of the earth." Sikuhitaji kufikiri, nikasema: alikuwa chumvi ya dunia. Watu wote wakaitika, maana Mathayo 5:13 wanaijua. Wazungu wanaisema hata watu wasioenda kanisa, kwa mtu mwema asiyejivuna. Pale makaburini ilirudi kwa maana yake ya kwanza, na kwaya ikaanza kuimba bila kuambiwa.

Wakili, Dodoma
Katika fani yetu kuna "peppercorn rent", kodi ya punje moja ya pilipili manga: kodi ya jina tu, inayotolewa ili mkataba usimame. Chuoni tulisoma kesi ya Chappell dhidi ya Nestlé, 1960. Kampuni iliuza santuri kwa bei ndogo pamoja na karatasi 3 za kufungia chokoleti, ambazo ikizipokea inazitupa. Majaji walisema karatasi zile ni sehemu ya malipo. Lodi Somervell akaongeza kwamba punje ya pilipili haiachi kuwa malipo halali eti kwa sababu anayepewa haipendi na ataitupa.

Mzee mmoja alikuja kwangu akitaka kuwapa vijana wa kijijini kipande cha shamba walime mboga bure kwa miaka kadhaa. Nikamwomba tusiandike "bure". Akanuna, akaona namgeuza mdai kodi. Nikamsimulia visiwa vya Bermuda: katika mji wa St. George's, loji (tawi) ya Wamasoni, wale Freemasons, imepanga jengo la zamani la serikali tangu 1816, na kodi ni punje moja ya pilipili kwa mwaka, inayoletwa juu ya mto wa mahameli kwenye sinia la fedha. Mzee akacheka, akataka kujua baada ya hapo nani anaila. Tukaandika shilingi elfu moja kwa mwaka. Alipofariki, kile kipande peke yake hakikugombewa, kwa kuwa mkataba ulikuwepo na risiti zilikuwepo.

Mgeni wa jamvi
Wakili, samahani nauliza kwa nia njema. Bibi yetu anataka kuipa shule ya chekechea chumba cha uani kwa bei ya chini sana. Tuandike punje ya pilipili?

Wakili, Dodoma
Andikeni pesa ndogo, inatosha. Sheria yetu ya mikataba, iliyotokana na ile ya India ya 1872, haiufuti mkataba kwa sababu tu malipo ni madogo. Ila mahakama inaweza kuutazama udogo huo ikitaka kujua kama bibi alikubali kwa hiari. Kwa hiyo mpelekeni mwenyewe kwa wakili, asomewe kwa lugha anayoielewa, aeleze kwa mdomo wake. Wekeni muda wa kuanza na kumalizika, mashahidi wasio wa familia, na risiti itolewe kila mwaka hata kama ni ya shilingi mia tano.