Wakuu, mambo yakiwa yamebana hivi nyie furaha ya siku ya kawaida mnaipata wapi? Naomba ushauri

Baba Wawili
Habari za jioni wakuu. Nitaandika kirefu kidogo naomba mnivumilie.

Nina miaka 38, mke na watoto wawili, tumepanga Mbagala huku Chamazi. Mimi ni mtunza stoo kwenye kampuni moja ya usambazaji, mwaka huu wamepunguza watu, mimi nikabaki ila mshahara umekatwa na unatoka nusu nusu. Wife anauza vitenge vya kuzungusha maofisini. Mama yangu yuko Tanga ana presha na sukari, dawa zake ni juu yangu kila mwezi. Kodi inaisha Desemba mwenye nyumba anataka ya miezi sita, Januari ndo hiyo inakuja na ada na madaftari na viatu. Juu ya hayo nina mkopo wa hawa jamaa wa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, marejesho kila Jumatatu.

Sijaja kuomba hela humu, matatizo hayo najua nina wenzangu wengi. Kinachonisumbua ni kingine. Siku hizi vitu vizuri vikitokea sivisikii. Yanga ikishinda najua imeshinda basi, zamani ningetoka nje nikapiga kelele na wenzangu. Binti yangu kaleta matokeo mazuri, kichwani najua hii ni habari njema lakini moyoni haishuki. Nikikaa na watu niko nao mwili tu, hesabu zinaendelea kichwani kama kawa.

Na nikimwambia mtu naambiwa mshukuru Mungu kuna waliolala Muhimbili. Mimi namshukuru, naswali, sio kwamba sioni nilichopewa. Ila kila nikimfikiria huyo mgonjwa ili nijione nina nafuu naishia kuwa na huzuni mbili, yangu na yake.

Sasa swali langu ni hili, nyie wenye madeni na wagonjwa na kodi kama mimi, kwenye siku yako ya kawaida kabisa ni kitu gani kinakupa furaha ya kweli hata ya dakika kumi, na unakipataje? Nataka mnavyofanya nyie wenyewe, maneno mazuri mazuri nimeshayasikia sana.

Mshale
Pole mkuu. Tafuta hela, hayo mengine yatakuja yenyewe. Mwanaume akiwa hana hela hana furaha tusidanganyane.

Kijana wa Tegeta
Mi naendesha boda. Kuna katoto ka chekechea nakapeleka shule kila asubuhi, njia nzima kananihadithia kameota nini usiku, juzi kaliota kuku wao anaongea Kichaga. Huyo ndo abiria anayenilipa kidogo kuliko wote ila siku asipokuwepo naona asubuhi imepungua. Sijui kama nimejibu swali kiongozi ila mimi ndo changu hicho.

Mama Saa Tisa
Mshale mwanangu nakuheshimu lakini hapo sikubaliani na wewe. Nimeona watu wenye hela zao wanakuja kula kwangu wali maharage na sura zimekunja, na nimeona wabeba mizigo wanacheka mpaka wanapaliwa. Hela inaondoa shida na shida ikiondoka ni jambo kubwa sana, sibishi, lakini furaha na yenyewe inataka kutafutwa, haiji tu kwa sababu shida imetoka.

Sasa wewe Baba Wawili nikueleze yangu. Mimi ni mama ntilie Buguruni, baba watoto alitangulia mbele ya haki watoto wakiwa bado shule, nikabaki na jiko na sufuria. Naamka saa kumi alfajiri, kuwasha mkaa, kukanda unga, kuchambua mchele, mpaka saa nane mchana sijakaa kitako. Nilikuwa nafunga biashara moja kwa moja naenda nyumbani nawaza mkaa umepanda, mafuta yamepanda, fulani kala kakopa. Mwenzangu mmoja anayeuza matunda pembeni ndo alianza, akaniambia dada kaa kwanza unywe chai. Tukawa wawili, akaongezeka na fundi cherehani, sasa kila siku saa tisa tunakaa watatu nyuma ya banda langu, chai ya rangi na chochote kilichobaki. Na tumewekeana sheria, pale hatutaji deni wala bei ya kitu chochote. Kila mtu anasimulia kitu kimoja alichokiona siku hiyo kikamfurahisha. Mwanzoni ilikuwa shida maana mtu unakaa huna cha kusema! Lakini ukishajua saa tisa utaulizwa, basi kuanzia asubuhi macho yanaanza kutafuta. Mteja kasifia mchuzi, unaweka akiba. Mtoto wa jirani kapita na gauni la sikukuu siku ya kazi, unaweka akiba. Mvua za vuli zimeanza vumbi limetulia, unaweka. Na huu mwezi wa 11 embe ndo zinashuka, dodo hilo limeiva mpaka linanukia, mwenzangu wa matunda anatukatia moja tunakula watatu juisi inafika kwenye kiwiko. Ile ni nusu saa tu mwanangu, lakini inanifikisha jioni nikiwa mtu.

Halafu nikuulize. Yule wa kausha damu umempa Jumatatu yake na hukosi. Mwenye nyumba ana Desemba yake. Wewe, mkeo na watoto mna saa ngapi yenu? Ipange kama ulivyowapangia hao, na ukae na mtu, ukikaa peke yako utarudi kwenye hesabu tu.

Na hilo la kuambiwa wapo waliolala Muhimbili usiliweke sana moyoni. Shukrani ya mimi kula embe haimhitaji mtu mwingine awe hana embe.

Binti wa Ng'ambo
Mama hiyo ya mwisho nimeiandika.

Mimi naishi Kigamboni nafanya kazi Posta kwahiyo kivuko ni asubuhi na jioni. Watu wengi tukipanda wote vichwa kwenye simu. Mimi niliamua jioni simu inakaa kwenye begi mpaka ng'ambo, nasimama pembeni napigwa na upepo. Kuna siku kivuko kinasubiri meli kubwa ya makontena ipite maana mlango wa bandari ni huo huo, watu wanalalamika tunachelewa, ila jamani likitu lile likipita mbele yako kubwa kama ghorofa kadhaa na mabaharia wanapunga mikono kule juu, mimi mpaka leo nafurahi kama mtoto. Jumapili zingine nawachukua wadogo zangu tunavuka kwenda na kurudi tu, nauli ni ndogo, tunanunua mihogo Feri tunakula tumeangalia maji. Kaka jaribu na wanao, wa Chamazi meli watakuwa wanaziona kwenye tivii tu.

Nesi wa Zamu
Baba Wawili nimesoma post yako mara mbili. Waliotangulia wameongea vizuri ila naomba niulize kwanza maana wewe umeandika kitu ambacho sisi kazini tunakichukulia kwa uzito. Mtu kutosikia furaha kwenye vitu alivyokuwa anavipenda, ikiendelea wiki mbili na zaidi karibu kila siku, ni moja ya dalili mbili kubwa za ugonjwa wa sonona, nyingine ni huzuni yenyewe. Sio lazima uwe nayo, maisha magumu tu yanaweza kumchosha mtu. Kwahiyo niambie usingizi ukoje? Hamu ya kula? Nguvu za mwili? Unajiona huna thamani? Kuna mawazo ya kutaka kufa au kwamba bora usingekuwepo? Hilo la mwisho ukiwa nalo hata kidogo usisubiri ushauri wa humu, mwambie mkeo leo na uende hospitali leo.

Ukitaka kuonwa anzia hospitali ya Temeke, ukifika uliza huduma ya afya ya akili, wakiona inahitajika watakupa rufaa ya kwenda Muhimbili kule kuna idara nzima ya magonjwa haya. Kwenda huko sio kuwa kichaa, naomba wanaume muelewe hilo maana mnachelewa sana kuja.

Alafu kuhusu alichosema Mama Saa Tisa, bila kujua ameelezea kitu ambacho kimepimwa na watu wa saikolojia. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, waligawa watu kwenye makundi, kundi moja likawa linaandika kila wiki mambo wanayoyashukuru, lingine linaandika kero, lingine matukio ya kawaida tu, kwa wiki kumi. Wale wa shukrani wakawa wanayaona maisha yao vizuri zaidi na hata malalamiko ya mwili yakawa machache. Mwaka 2005 akina Martin Seligman wakajaribu zoezi la kuandika kila usiku mambo matatu yaliyoenda vizuri siku hiyo, kwa wiki moja, na walipowafuatilia bado walikuta tofauti hata baada ya miezi sita.

Sasa watu wengi wakilichukua hilo zoezi wanaacha nusu yake. Haikuwa kuandika jambo tu, unaandika na kwanini limetokea. Usiandike "familia" au "afya", hayo utayaandika leo na kesho na keshokutwa mpaka yaishe ladha. Andika kitu kimoja kidogo cha leo, nani kafanya, kwasababu gani. Hapo ndo unaanza kuona kuna watu nyuma ya siku yako. Ila hili sio dawa ya sonona, ni la kusaidia tu, kama ni ugonjwa unatibiwa kama ugonjwa.

Mtu wa Hesabu
Nesi asante sana. Mimi nije upande mwingine. Furaha haiwezi kukaa vizuri kwenye kichwa ambacho hakijui deni limebaki shilingi ngapi. Wengi wa kausha damu wanalipa tu kila wiki hawajui wako wapi. Chukua daftari andika kiasi ulichokopa, ulicholipa, kilichobaki, faini zao wameziwekaje. Kaa na mkeo hiyo karatasi ikiwa katikati, usiibebe peke yako. Alafu angalia kama hao watu wana leseni, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni na msimamizi ni Benki Kuu. Kama mkeo yuko kwenye kikoba chenye riba ya kibinadamu, kuuhamishia mkopo huko na kumalizana na hawa ni bora mara nyingi kuliko kukopa sehemu ya tatu kulipa ya pili. Na tafadhali usijaribu kulipa deni kwa mkeka wa kubeti, nimeona nyumba zimekwisha.

Mshale
Mama Saa Tisa nimesoma yote. Labda nasemaga hela tu kwasababu hiyo chai sina wa kunywa naye, nimehamia huku Dar ndugu zangu wote wako mkoani na kazini kila mtu na lake.

Mama Saa Tisa
Mshale njoo Buguruni uulize banda la mama wa chapati karibu na Sheli, watakuonyesha. Uje saa tisa usije saa saba ntakuwa na wateja. Na cha kusimulia uje nacho.

Baba Wawili
Wakuu sikutegemea majibu haya, nawashukuru mmoja mmoja.

Nesi, usingizi napata nikilala ila saa nane usiku nashtuka na sirudi tena. Kula nakula bila hamu. Mawazo ya kufa sina, nimemjibu mke wangu hivyo hivyo maana nimempa asome huu uzi wote, akalia kidogo alafu akasema Alhamisi tunaenda wote Temeke. Imekuwa zaidi ya wiki mbili, kwakweli ni tangu watu wapunguzwe kazini.

Daftari nimeanza. Nawawekea ya jana muone kama naelewa. Mangi wa dukani kwetu kaniuliza mama Tanga anaendeleaje, kwasababu niliwahi kununua vocha pale nikiwa nampigia, kumbe alisikia na akakumbuka. Konda kanishusha karibu na mtaa wetu badala ya kituoni kwasababu mvua ilikuwa kubwa. Binti kanifundisha kuchora ramani ya Tanzania, kwasababu nilikaa mezani nae badala ya kukaa na simu. Hiyo ya tatu nadhani ilishuka moyoni kidogo, ziwa Victoria lake lilitoka duara kabisa tukacheka.

Jumapili tunaenda kivukoni, watoto wameshaambiwa na hawalali.

Mtu wa Hesabu nina swali, mkataba wa hao jamaa sikupewa nakala, nilisaini tu nikaondoka. Nafanyaje?

Mtu wa Hesabu
Kaidai kwa maandishi, barua fupi tu, nenda nayo na mtu mwingine kama shahidi na wakusainie kwamba wameipokea. Wakati unasubiri, toa meseji zote za miamala uliyowalipa, zipange kwa tarehe, jumlisha. Ukishapata jumla njoo nayo hapa bila kutaja jina la kampuni, tutaipigia hesabu pamoja kabla ya Jumatatu ijayo.