Uvimbe usioonekana: maabara isiyo na mashine ya picha iruhusiwe kuuotesha tumboni mwa panya?

Bint Mkomani
Assalamu alaykum wana Amu na pwani nzima. Chukueni maabara inayotaka kujaribu dawa za saratani, nayo ina mizani, vizimba na mikono ya watu basi. Uvimbe wa chini ya ngozi hauna taabu: unaupima kwa kalipa, kipimo cha taya mbili, urefu mara upana mara upana, unagawa kwa mbili, ujazo unao. Lakini wa kongosho, wa ini au wa ovari umejificha ndani. Nasema bila ultrasaundi ya wanyama wadogo au mashine ya kunasa mwanga, kazi hiyo isifanywe. Sura ya 360, sheria yetu ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, inadai kibali kwa majaribio. Kibali kiwekewe sharti hilo. Mwasemaje?

Ami wa Langoni
Binti yangu, umekaza mno. Mkono uliofunzwa huujua uvimbe kabla panya hajadhoofika. Unamnyanyua kwa mkia, unamweka juu ya wavu wa kizimba, akishaushika wavu unamkamata ukosi wa shingo kwa gumba na kidole cha shahada, unamgeuza tumbo juu, mkia unaubana kwa kidole kidogo. Mkono wa pili unapita kutoka chini ya mbavu hadi nyonga, taratibu, kama mtu atafutaye jiwe ndani ya mchele uliofungwa kitambaani. Figo ziko karibu na mgongo. Wengu ni kama ulimi mwembamba upande wa kushoto. Kibofu kiko chini, kikijaa huwa mviringo laini. Vidonge vya choo vimejipanga mstari na huteleza. Uvimbe hautelezi: ni mgumu, una kingo. Mara mbili kwa wiki, na ukishausikia, kila siku. Na tusisahau tunazungumzia panya, ambaye hata aliye kwenye ihramu ameruhusiwa kumuua. Si punda wa Amu mwenye kliniki ya bure.

Nahodha wa Shela
Shikamoo ami. Ya vidole nawaachia wenyewe, ila la ihramu siliachi lipite. Panya aliyeruhusiwa kuuawa ni yule mharibifu, avutaye utambi wa taa na kuunguza nyumba, kama yalivyokuja mapokezi. Huyu wa maabara kazaliwa kizimbani, hajatafuna gunia la mtu, na maradhi tumempa sisi kwa sindano. Halafu ruhusa ya kuua ni ruhusa ya kuua, si ya kumwacha na tumbo limejaa maji wiki tatu. Tumeamrishwa ihsani hata katika kuchinja: kisu kinolewe, mnyama apumzishwe. Iko wapi ihsani katika kusubiri?

Ami wa Langoni
Marahaba, lakini usinilishe maneno. Nani kasema ateswe? Nimesema apimwe kwa mkono. Dawa anazopewa mama yako hospitalini zimepita kwa panya kwanza, hilo nalo ulitie kwenye ihsani yako.

Nahodha wa Shela
Mama yangu hakuhusika hapa, ami. Ulisema “ni panya tu” kwa maneno mengine, nami nimejibu hilo.

Mwanamize
Wanaume wawili mmeshikana mashati na panya anaendelea kukonda. Kinachopotosha zaidi kwenye maabara isiyo na mashine si kidole, ni mizani. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba akipoteza asilimia 20 ya uzito, auawe. Kwa uvimbe wa tumboni kanuni hiyo ni kipofu. Panya wa gramu 22: uvimbe gramu 2, maji ya tumbo gramu 3, nyama na mafuta yake yamepungua gramu 5. Mizani inasoma 22! Daftarini hajapoteza kitu, na kwa kweli amebaki na 17, zaidi ya sehemu moja kati ya tano za mwili imekwenda. Na ule uvimbe wa gramu 2 umeshakaribia ile asilimia 10 ya mwili ambayo wengi huiweka kuwa kikomo.

Kwa hiyo kila siku ya mizani, pitisha kidole kwenye uti wa mgongo hadi nyonga na uandike alama ya unono, 1 hadi 5. Alama 3, mifupa unaisikia ukibonyeza kidogo. Alama 2, pingili zinahesabika. Alama 1, ngozi na mifupa. Akishuka chini ya 2, hapana kusubiri. Uzito ukipanda ghafla huku mgongo umekauka na ubavu umetanuka kama mtungi, hayo ni maji. Tazama na nyayo na masikio: yakipauka, huenda anavuja damu ndani. Yakiwa manjano kwa panya wa saratani ya kongosho, njia ya nyongo imezibwa.

Bint Mkomani
Dada Mwanamize, umenisaidia bila kutaka. Kama mizani inapotosha na kidole hakisikii uvimbe wa milimita mbili, basi picha ni lazima. Ukitia seli za saratani zenye lusiferasi, kimeng’enya kinachozifanya zitoe mwanga, mashine inauona uvimbe tangu seli ni chache.

Mwana wa Faza
Huu mwanga unasifiwa kama hauna kasoro. Twende hatua kwa hatua. Lusiferini, ile dawa ambayo lusiferasi huigeuza mwanga, ni miligramu 150 kwa kilo: ukiwa na mchanganyiko wa miligramu 15 kwa mililita, panya wa gramu 20 anapata mililita 0.2. Unamchoma chini kulia ya tumbo, kichwa kimeinama, unavuta pampu kidogo uone hapana damu wala choo. Ukiichoma ndani ya utumbo, mwanga unatoka hafifu au hautoki, na wewe unaandika “dawa imefanya kazi”. Kwa uvimbe wa tumboni hatari hiyo ni kubwa zaidi, maana sindano inapita palepale palipo ugonjwa.

Kisha unangoja dakika 10 hadi 15, na ni lazima upige picha kadhaa kuupata upeo, kwa sababu kila panya ana saa yake. Manyoya meusi hunyonya mwanga, yanyolewe. Maji ya tumbo nayo hupunguza. Na kubwa kuliko yote: lusiferasi inahitaji oksijeni na nguvu ya seli hai. Uvimbe ukikua hadi katikati yake pakafa, mwanga unaweza kushuka ilhali uvimbe unapanda. Mwanga unakuambia seli hai zipo. Ukubwa haukuambii.

Tena lusiferini inataka friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri na giza. Umeme ukikatika usiku kucha na jenereta haijawashwa, ukubali kuitupa.

Mkaazi wa Malindi
Mbona mwahangaika? Marekani wameshapiga marufuku kupima dawa kwa wanyama, 2022. Sisi twang’ang’ania panya.

Mwana wa Faza
Hawakupiga marufuku. Sheria ya Desemba 2022 iliondoa ulazima, ikafungua njia nyingine. Anayetaka kutumia panya bado anatumia. Tafadhali tusiongeze chumvi.

Mkaazi wa Malindi
Nimekubali kuhusu sheria. Lakini swali langu liko palepale, ulazima ukiondoka mbona sisi tuanze leo?

Kliniki ya Punda
Mimi limenikera jingine, na naona limepita hivi hivi. Ami, ulisema “unamnyanyua kwa mkia”. Hapana! Tangu utafiti wa Hurst na West, 2010, inajulikana kuwa panya anayenyanyuliwa kwa mkia hujaa woga na humkimbia mshikaji, na anayebebwa ndani ya bomba au kwenye viganja vilivyokunjwa hutulia. Hili si suala la huruma peke yake. Panya mwenye hofu hukaza tumbo, na tumbo lililokazwa halisomeki kwa kidole. Unabonyeza zaidi, na uvimbe wenye damu unapasuka mkononi mwako.

Ami wa Langoni
Watu wamebeba panya kwa mkia tangu zamani na kazi imeendelea. Leo mkia umekuwa jinai? Mtoto wa juzi anakuja kufundisha ukosi wa shingo.

Kliniki ya Punda
Sijafundisha ukosi, ami, ukosi uko sawa. Nimesema mkia. Jibu la mkia.

Mwanamize
Ami wangu, kwa heshima, hapo anasema kweli. Tena yule anayebonyeza asijue panya yupi kapewa dawa na yupi kapewa maji ya chumvi, na awe mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Vidole viwili tofauti ni mizani mbili tofauti.

Nahodha wa Shela
Na Jumamosi na Jumapili nani yuko zamu? Maana huko ndiko wanakofia. Ijumaa jioni tumbo limejaa, Jumatatu asubuhi mzoga umeshatafunwa na wenzake. Hapana ihsani hapo na hapana utafiti, ini limeoza, huna cha kuweka chini ya darubini.

Bint Mkomani
Hilo la zamu ndilo linalonigusa sasa. Nabadilisha sharti langu: kibali kitolewe kwa maabara yenye mtu kila siku ya wiki, dalili zinazotosha panya auawe zimeandikwa kabla ya sindano ya kwanza, na mtu huyo ana ruhusa ya kumuua panya papo hapo bila kumpigia simu bosi. Picha nazitaka bado, ultrasaundi hasa, kwa kuwa inatoa milimita. Lakini nayo ina madhara yake: krimu ya kuondoa manyoya ikizidi dakika moja inaunguza ngozi, na panya aliyelazwa kwa isofluraini, ile dawa ya usingizi, bila kitanda cha joto hupoa upesi mno.

Mwana wa Faza
Jeli pia ipashwe moto. Jeli ya baridi kwenye tumbo lililonyolewa ni sawa na kumtia barafu.

Mkaazi wa Malindi
Kwa hiyo tumekubaliana iruhusiwe? Mimi sijakubali.

Nahodha wa Shela
Wala mimi.

Ami wa Langoni
Hilo bomba la panya lina upana gani? La fundi bomba, lile la kijivu, lafaa?

Kliniki ya Punda
Upana sentimita 5, urefu 13 hadi 15, ncha uzipige msasa zisimkate. La kijivu linafaa, ila la kuonea ni bora, umwone yuko wapi kabla hujanyanyua. Kila kizimba kiwe na lake na libaki humo humo, lisihamishwe na harufu za wengine. Ukitaka kumbonyeza tumbo, liinamishe atokee kiganjani mwako, ndipo umshike ukosi.