Tupeane uzoefu: kualika na kualikwa dina za nyumbani hapa Kigoma

Mleta mada (Katubuka)

Habarini wadau wa mwisho wa reli.

Jambo hili limenikaa moyoni wiki ya tatu sasa, nimeona nilimwage hapa. Mimi ni mtu wa kualika. Sizungumzii sherehe za ukumbini zenye kamati na kadi za mchango. Nazungumzia dina ya nyumbani: watu kumi, kumi na wawili, meza imetandikwa kitambaa kilichopigwa pasi, wageni wamevaa wakapendeza, chakula kinakuja kwa zamu, mazungumzo mpaka saa tano usiku. Nilianza mwaka niliohamia Katubuka, na nusu ya watu ninaowaita ndugu hapa mjini niliwapatia mezani.

Mwezi uliopita nilialika watu kumi. Sahani zangu nzuri zilikuwa sita, kwa hiyo nikaenda kwa mama jirani kuazima. Alinipa sahani nane za udongo zenye maua ya buluu, bakuli kubwa la mchuzi lenye mfuniko wake, na birika na beseni la kunawia. Hakuuliza vya nini. Alivifuta vumbi mwenyewe kimoja kimoja, akanifungia kwenye khanga.

Sikumwalika. Meza yangu ni ya watu kumi, nikahesabu wafanyakazi wenzangu, nikahesabu shoga zangu, hesabu ikatimia. Usiku ule alikuwa amekaa barazani kwake, ukuta mmoja tu katikati yetu, anasikia vijiko vikigonga kwenye sahani zake. Asubuhi nilirudisha vyombo na hotpoti ya pilau juu. Akavipokea, akavihesabu, akasema, "Ahsante mwanangu, naona viliwafaa." Hotpoti akanirudishia palepale: "Wape watoto." Tangu siku hiyo ananiitikia salamu, lakini haniulizi tena habari za nyumbani.

Mji wetu mnaujua. Aliyekuuzia samaki Kibirizi ni shangazi wa mwalimu wa mwanao. Bodaboda aliyemshusha mgeni getini ni mpwa wa mtu ambaye hukumwalika. Wali haujaiva, habari imefika Mwandiga. Kwa hiyo naomba tupeane uzoefu, walioalika na walioalikwa. Mwaliko, chakula, mavazi, chochote kilichowapata. Mimi nasoma yote.

Mdau wa Ujiji

Pole dada. Langu ni refu kidogo, nivumilieni.

Kwetu Ujiji nimelelewa kwamba mwaliko unakwenda kwa miguu. Simu ni ya kukumbushia tu. Marehemu mama yangu akiwa na shughuli, hata ya watu wanane, alijitanda mtandio, akanishika mkono, tukazunguka nyumba kwa nyumba. Anapiga hodi, anakaa, anaulizia wagonjwa wa nyumba ile, ndipo anasema, "Alhamisi baada ya Isha nina chakula kidogo, msiniangushe." Na kwa wale ambao hakuwa na nafasi nao alikwenda vilevile! Aliwaambia kwa mdomo wake: "Safari hii nimewaita upande wa mume wangu, ninyi mkao wenu unakuja." Sikumbuki mtu aliyewahi kumnunia. Kinachouma ni kusikia kwa watu.

La pili ni mkao wenyewe. Watu wanadhani dina ya heshima lazima iwe ya meza na uma. Waje Ujiji. Mkeka mpya unatandikwa sebuleni, mito ukutani, chetezo cha udi kimepitishwa saa nzima kabla wageni hawajaingia, ili wakute harufu bila kukuta moshi. Wanaume kanzu zilizonyooka, wanawake chumba cha pili na mitandio yao. Kijana wa nyumba anapita na birika na beseni, anaanza kumnawisha mkubwa kuliko wote, taulo begani. Kila sinia watu watano. Nyama inakaa katikati, hakuna anayeigusa mpaka mkubwa wa sinia aigawe. Kila mtu anakula mbele yake, hachimbi upande wa mwenzake. Mkubwa akishashiba anabaki anachezesha vidole taratibu, asije akanyanyuka mdogo akaona haya kuendelea. Mwisho kahawa na tende. Ukikaa sinia kama hilo ukaangalia mikono ya watu, utajua mara moja nani kalelewa.

Na uzuri wake ni huu: sinia la watano likipata wa sita, watu wanasogea. Meza yako imekutia kwenye shida kwa sababu ya viti.

Muuza samaki, Kibirizi

Mimi nasema upande wa chakula maana ndiyo kazi yangu. Kabla hujapanga tarehe ya dina angalia mwezi. Wavuvi wetu wa dagaa na migebuka wanavua usiku kwa taa, samaki wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali ziwa zima lina mwanga, taa haina kazi, watu wanaanika nyavu na kulala nyumbani. Kila mwezi nina mteja anayekuja siku hizo, uso umemshuka, anataka migebuka wabichi ishirini wa dina ya jioni. Mama, ningewatoa wapi? Panga siku za giza, utapata samaki wa alfajiri ambaye bado anang'aa.

Nyingine, mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa, watu wasivue, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, wenye dina za mwezi wa sita walipata tabu. Kuna dada mmoja wa Mlole nilimpenda. Hakuhangaika kutafuta samaki wa magendo. Alipika kuku wa kienyeji, kisamvu cha mawese na maharage, ugali wa muhogo mlaini kabisa, akawaambia wageni wake, "Ziwa limepumzika, na sisi tumeliheshimu." Kila mtu alimwelewa.

Ukimpata kuhe, yule samaki mkubwa wa ziwa letu, usimharibu kwa viungo vingi. Chumvi, ndimu, makaa. Kuhe hahitaji msaada.

Mdau wa Gungu

Nawaunga mkono na niongeze la upande wa mgeni.

Mwaka juzi nilialikwa na mkuu wangu wa kazi, watu wanane, kadi ya mkono kabisa. Jioni ileile wakaingia shemeji zangu watatu kutoka Bujumbura, hawakutoa taarifa. Kuwaacha nyumbani siku ya kwanza niliona ni aibu, nikaenda nao. Sikupiga simu. Nilifika mlangoni na watu watatu waliovaa vizuri sana, na nikauona uso wa mke wa mwenyeji ukihesabu. Alitupokea kwa bashasha, lakini baadaye nikagundua yeye na binti yake hawakukaa kula. Walisema wameshakula. Hawakuwa wamekula.

Simu moja ya dakika moja ingempa muda wa kuongeza mchele. Nilirudi wiki iliyofuata na shemeji zangu na kilo za nyama tukamwomba radhi, akacheka, akatukalisha. Lakini jambo lile sijalisahau. Ndugu zangu, mgeni akikuangukia, mpigie mwenyeji wako kabla hujavaa viatu.

Mdau wa Mwanga

Mchango wa Gungu umenikumbusha babu.

Babu yangu alikuwa mhudumu wa mgahawa kwenye Liemba. Mnaijua historia yake, meli iliyoundwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande kwa reli, ikaunganishwa hapahapa kwetu, ikashushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Babu aliingia baada ya Uhuru. Kila alichojua kuhusu meza alikijua humo, na aliporudi nyumbani alitufundisha sisi wajukuu kama shule: kitambaa kinaning'inia sawa pande zote, glasi haijazwi mpaka mdomoni maana meli inayumba, sahani ya moto haishikwi kwa vidole bali kwa kitambaa, na mhudumu hasemi na mgeni mwenye chakula mdomoni.

Lakini kanuni yake kubwa ilikuwa sahani moja iliyofunikwa. Liemba haikuwa na gati kwenye vijiji vingi vya pwani ya ziwa. Ilikuwa inasimama majini, mitumbwi inakuja na abiria, hata saa nane za usiku. Babu alikuwa anaweka chakula pembeni cha huyo atakayepanda na njaa wakati jiko limezimwa. Alikiita sahani ya anayepandia njiani. Nyumbani kwetu mpaka leo, iwe dina ya watu sita au thelathini, mama anapakua sahani mbili tatu za ziada, anafunika, anaweka kabatini. Hazijawahi kulala. Anakuja mlinzi wa jirani, anakuja bodaboda aliyeleta mgeni, anakuja shemeji wa Bujumbura.

Mama wawili, Bangwe

Fupi: nilialikwa dina, sharti la mavazi nyeupe. Mezani: migebuka wa mawese. Nakuombeni wenyeji mchague kimoja. Na kama yameshakumwagikia, fua kwa sabuni ya mche halafu anika juani kutwa, jua la Kigoma linaifisha ile rangi ya chungwa. Usifiche kabatini, itakaa milele.

Mdau wa Buzebazeba

Kuna jambo la imani halijagusiwa. Mji wetu tunakaa Waislamu na Wakristo ukuta kwa ukuta, na dina nyingi zina wote. Mimi ni Mkristo. Kuku na mbuzi wangu wa shughuli namwita mzee Mwislamu wa jirani achinje, kila mara, hata kama mgeni Mwislamu ni mmoja. Na nawaambia wageni waziwazi nani amechinja kabla hawajauliza, kwa sababu mgeni mstaarabu hatauliza, atakula wali mtupu na kusema ameshiba. Niliwahi kumfanyia hivyo rafiki yangu bila kujua, akala kachumbari na wali usiku kucha. Nilijua baada ya mwaka.

Vinywaji vikali siviweki mezani. Anayetumia anajua kona ya nyuma ya nyumba, na glasi zake ni tofauti, hazichanganywi kwenye kuosha.

Umeme ukikatika, mwenzenu nina karabai ya baba, ile ya ziwani. Nilidhani dina imeharibika siku ilipotokea, kumbe wageni walikaa saa moja zaidi.

Mdau wa Rusimbi

Langu ni la picha tu. Jamani, dina haijaisha, mtu ameshaweka picha kumi na mbili kwenye status. Wale ambao hawakuitwa wanaona sahani kwa sahani, wengine wako nyumba ya tatu. Nikialika siku hizi naomba kwa upole kabla ya kunawa: picha za pamoja nitapiga mimi, nitawatumia kesho. Wote wanakubali. Sijapata aliyekasirika.

Mleta mada (Katubuka)

Nimesoma kila neno, wengine mara mbili. Nashukuru sana.

Nimefanya hivi. Jumamosi jioni nilijitanda nikaenda kwa miguu kwa mama jirani, mikono mitupu, maana hotpoti iliniumbua mara ya kwanza. Nikakaa. Nikauliza habari za mguu wake unaomsumbua, nikauliza mjukuu wake aliyeko Kasulu. Halafu nikamwambia, mama, nilikosea. Nilichukua vyombo vyako nikakuacha wewe.

Alinyamaza kwa muda. Akaniambia zile sahani za maua ya buluu alipewa na mama mkwe wake siku anaolewa, na kwamba katika nyumba ile hazijawahi kutoka kabatini bila yeye kukaa na wageni waliozilia. Hakuwa ananidai chakula. Alitaka kuwaona watu waliozilia. Sikuwa najua, na sikuuliza. Nilivyojua mimi ni sahani nane nzuri kuliko zangu.

Nimemwalika ya mwezi ujao. Nimetazama kalenda, nimechagua siku za giza, muuza samaki wa Kibirizi ajiandae, nataka kuhe wawili wakubwa. Meza inatoka, nimemuazima mdau wa Ujiji mkao wake: mkeka, mito, birika linaanza kwa mkubwa. Sahani za anayepandia njiani zitakuwa tatu. Kuku atachinja mzee wa msikitini.

Jana mama alinigongea kwa ukuta, kama alivyokuwa akifanya zamani. Alitaka kujua wageni watavaa rangi gani, maana ana doti ya kitenge cha Kongo haijakatwa na fundi wake anataka wiki mbili. Na vyombo nisije kuchukua, ataleta mwenyewe.