Tulilipa kuona mashine ya moshi, tukafanywa ngao ya marobota ya vitenge

Wandugu wa Lubum na wasomaji wote,

Leo ni siku ya tisa tangu turudi. Nilijiambia ningoje hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, na jana usiku nilimkuta Papa amekaa barazani gizani peke yake, basi naandika hivihivi.

Kuna ajansi moja ya safari hapa Lubumbashi. Jina silitaji hapa. Mwezi uliopita ilitoa tangazo: safari ya siku tano kwenda Livingstone, Zambia, kuitazama mashine ya moshi, yaani kichwa cha treni cha makaa na mvuke, iliyofufuliwa ikipita kwenye njia kuu ya reli kuelekea daraja la maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria). Dola 320 kwa kila mtu, basi, malazi na chakula ndani yake. Chini kwa herufi nene waliandika kwamba safari ni maalumu kwa wastaafu wa reli. Nilimlipia Papa, nikajilipia na mimi ili nimsindikize. Wazee kumi wengine walilipiwa na watoto wao. Mmoja wetu aliuza friji. Mwingine alilipa kwa mafungu manne.

Papa ana miaka 83. Aliingia reli akiwa na miaka 19, akaanzia kwenye koleo, mtia makaa, kabla hajapanda kuwa msaidizi na mwishowe dereva wa mashine za umeme. Mimi nimezaliwa Makomeno, mtaa wa hapa Lubumbashi, nimemwona akienda kazini na mashine za waya tu, maana huku kwetu umeme uliingia relini mapema, tangu 1952 kati ya Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na Tenke. Lakini akisimulia, hasimulii za umeme. Anasimulia moto.

Kuna watu tayari wameniuliza kwa nini nimsafirishe mzee wa umri huo karibu kilomita elfu moja kwenda kuangalia treni. Wasikilize vizuri. Reli inayopita Livingstone ndiyo hii reli yetu. Daraja lile lilifunguliwa 1905. Mwaka uliofuata vyuma vikafika Broken Hill, Kabwe ya sasa. Mwisho wa 1909 vikagusa mpaka wa Kongo upande wa Sakania, na 1910 treni ikaingia Elisabethville, mji huu tunaokaa. Upana wa njia ni uleule, milimita 1067, kutoka Cape Town mpaka hapa. Makaa ya mawe ya Wankie, Hwange ya leo huko Zimbabwe, yaliyochomwa kwenye tanuru za shaba za Lubumbashi yalivuka daraja hilohilo. Papa ameyachota makaa ya Wankie kwa mikono yake, anayajua kwa mng'ao. Na mashine wanazozifufua kule ni za reli ya zamani ya Rodesia, za aina ya 12, zenye magurudumu makubwa manne kila upande, jamaa kabisa wa zile alizozifanyia kazi. Kwake hii ilikuwa kwenda kumwona ndugu aliyebaki hai.

Sasa sikieni tulivyofanyiwa.

Wiki moja kabla ya kuondoka wazee walimwita mwenye ajansi wakakaa naye. Nilikuwepo. Papa alimweleza kwa upole kabisa kwamba jambo moja tu ndilo la kulinda, nalo ni saa. Mashine ya moshi haiwashwi kama gari. Moto unatiwa mapema sana, saa nyingi kabla ya safari, taratibu, kwa sababu ukilipasha boila joto haraka chuma kinatanuka huku na huku kwa vipimo tofauti, viungo vinaanza kuvuja. Mtu anakesha nayo. Ikiwa tayari, inapewa nafasi yake kwenye njia, na njia kule ni moja, ndiyo hiyohiyo ya treni za mizigo za dizeli. Ikishapewa nafasi inaondoka. Haimngoji mtu. Papa alisema, "Mwanangu, sisi tunatakiwa tuwe tumesimama pale saa tisa. Siyo saa kumi. Saa tisa." Yule bwana akaandika kwenye daftari lake, akaitikia, akampa Papa mkono kwa mikono miwili.

Alhamisi alfajiri tunafika kupanda basi, tunakuta katikati ya viti, chini ya viti na nyuma yote kumejaa marobota ya vitenge. Tukauliza. Akajibu ni mizigo midogo ya wateja wa Lusaka, itashuka njiani, haitatuchelewesha. Wazee wakapanda wakikanyaga marobota, miguu wameikunja kama wamepanda mtumbwi.

Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mnaijua. Malori ya shaba foleni, vumbi, watu. Sisi hatukukwamishwa na foleni. Tulikwamishwa na marobota. Saa saba nzima. Na nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mtu wa forodha: "Hawa ni wazee wastaafu wa reli, wanakwenda kutembea, hakuna biashara humu." Akamsukuma mbele mzee mmoja mwenye fimbo ili aonekane vizuri. Hapo ndipo nilipoelewa lile neno la herufi nene kwenye tangazo. Walihitaji nywele nyeupe za kupitisha mzigo. Wazee wawili kati yao wana sukari. Walikaa juani saa saba bila kupewa hata chupa ya maji, mpaka sisi watoto tulipokwenda kununua.

Lusaka tukapoteza nusu siku nyingine, basi limeegeshwa nyuma ya maduka, wateja wake wanakuja mmoja mmoja, wanahesabu vipande, wanabishana bei. Mji wa Choma, hivyohivyo tena. Nilimfuata mara tatu, nikamwonyesha saa. Mara ya tatu akaniambia, "Mwanamke, treni si itapita tu?"

Treni si itapita tu.

Jumamosi saa kumi na dakika chache bado tulikuwa mjini Livingstone. Dereva ameingia barabara ya kuelekea maporomoko, mbele lori limeharibika, magari yamesimama. Papa ndiye aliyesikia kwanza. Aliinua kidole tu, basi zima likanyamaza. Ilikuwa filimbi, ndefu, nene, inaanza chini na kupanda, hata mimi ambaye sijawahi kuisikia nilijua kwamba dizeli haitoi sauti ile. Wazee kumi na mmoja wakasimama kwa pamoja, haohao ambao asubuhi tuliwashika mikono kuwapandisha ngazi mbili. Wakataka mlango. Mlangoni palikuwa na marobota matatu yaliyobaki, ya mteja wa Livingstone, yamepangwa moja juu ya jingine mpaka usawa wa kifua na kufungwa kamba pamoja. Nilivuta la juu, halikutoka. Mtoto wa mzee mwingine akaja tukavuta wawili. Nilipiga kelele. Mwenye ajansi alikuwa mbele kwa dereva, simu sikioni, anamwelekeza mteja wake mahali pa kuja kuchukua mzigo.

Papa akaacha mlango, akafungua dirisha. Kati ya nyumba na miti palikuwa na upenyo, labda mita themanini kutoka tulipokuwa, na mashine ikapita hapo. Nyeusi, imepakwa mafuta inang'aa, mvuke mweupe chini kwenye silinda, moshi wa kijivu juu. Lile fito la chuma linalounganisha magurudumu likipanda na kushuka. Nilipokuwa mtoto Papa alinifundisha kwa kugonga meza kwamba mashine ya silinda mbili inapumua mara nne gurudumu likizunguka mara moja. Sasa aligonga vilevile, kwa ngumi, kwenye bati la basi chini ya dirisha, akiifuata: pa, pa, pa, pa. Akasema bila kunigeukia, "Amepunguza mvuke mapema. Huyo dereva anajua kazi." Kisha mabehewa, kisha miti.

Harufu ya makaa ilitufikia baada ya treni kwisha kupita. Wazee wakabaki wamesimama madirishani, wananusa. Hakuna aliyesema neno. Video yangu ina sekunde thelathini na nne, na zaidi ya nusu yake ni robota.

Jioni yule bwana akaja na alichokiita fidia. Kesho asubuhi, alisema, atawapeleka wazee relini, wasimame katikati ya njia wapige picha za ukumbusho, kwa kuwa hakuna mtu atakayewafukuza. Nilifikiri Papa atampiga. Miaka arobaini amefanya kazi reli, hajawahi kusimama katikati ya njia bila ruhusa, na wenzake aliowazika kwa ajali za reli anawataja majina mpaka leo. Si suala la Afrika wala la zamani. Mashine ya Flying Scotsman, iliyoundwa 1923, iliporudi njia kuu ya Uingereza tarehe 25 Februari 2016 baada ya kutengenezwa kwa pauni milioni 4.2, ililazimika kusimama njiani kwa sababu watazamaji walikuwa wameingia relini. Juni 2024 huko Meksiko, jimbo la Hidalgo, mashine ya moshi ya Kanada, namba 2816, ilimgonga na kumuua mwanamke aliyeinama kando ya reli kujipiga picha. Mtu anayeuza safari za kutazama mashine hizi hana haki ya kutojua kwamba mashine inayokuja mbele yako inadanganya macho: ni kubwa, unaidhani inakwenda polepole, na ni pana kuliko vyuma inavyokanyaga.

Wazee walikataa wote. Jumapili wakakaa hotelini. Jumatatu tukarudi, na basi safari hii limejaa mifuko ya unga wa mahindi mpaka kwenye mapaja yetu.

Tangu nifike, watu wa ajansi wamenijibu mara moja tu. Wamesema treni tuliiona, kwa hiyo huduma ilitolewa. Wakaongeza kwamba mzee akitaka kuona zaidi, YouTube ziko nyingi.

Papa video amezitazama. Ile mashine namba 4014 ya Wamarekani, ya kampuni ya reli ya Union Pacific, iliyoundwa 1941, ikafanya safari yake ya mwisho ya kazi 1959, kisha ikarudi njia kuu 2019 baada ya kutengenezwa upya Cheyenne, ameitazama kwenye simu yangu mpaka betri ikaisha. Anajua kwamba za aina hiyo ziliundwa ishirini na tano na kwamba ni hiyo moja tu inayotembea. Lakini simu haitikisi ardhi. Haitoi joto usoni. Alichotaka ni kusimama hatua chache nyuma ya uzio, ahisi udongo ukitetemeka chini ya viatu kabla mashine haijaonekana, amwone kijana mwenye koleo akifungua mlango wa moto, amwangalie anavyotupa makaa, pembeni kwanza au katikati kwanza. Hilo ndilo alilokuwa anazungumzia kila siku, wiki tatu, tukila bukari. Pembeni kwanza au katikati kwanza. Alitaka kujua kama bado wanafundishwa vile alivyofundishwa yeye.

Kwa hao watu wa treni kule Livingstone sina neno baya. Walipita kwa saa yao, kama Papa alivyosema watapita.

Tunachodai ni hiki. Wazee kumi na mmoja warudishiwe dola 320 zao zote, na sisi watoto watano tuliowasindikiza turudishiwe zetu. Sitaki kusikia nusu, wala habari ya punguzo kwenye safari ijayo. Pili, mwenye ajansi aje Makomeno mwenyewe, amkabili yule mzee mwenye fimbo aliyemsukuma mbele ya forodha, amwombe radhi mbele ya wenzake. Na lile tangazo liondolewe, kwa sababu mpaka leo asubuhi bado limebandikwa, limewekwa tarehe mpya, na maneno ya "wastaafu wa reli" yako palepale. Kama una mzee wako na umeliona tangazo hilo, uliza kwanza kama basi lina mzigo, nenda uliangalie kabla ya kutoa pesa, na udai saa ya kufika iandikwe kwenye risiti. Sisi risiti yetu inasema "safari ya Livingstone" tu, na hapo ndipo wanapojifichia.

Jumatatu saa tatu asubuhi tutakuwa mlangoni kwao, wazee wote na sisi. Risiti tunazo, picha za marobota ninazo, na video ninayo. Wazee wawili hawawezi kutembea kutoka Makomeno mpaka mjini. Mwenye gari anayeweza kuwachukua saa mbili na nusu aniandikie hapa, mafuta nitalipa.